Mgeni Aingiapo Nyumbani mwa Mungu



Mfalme Solomoni alipokwisha kulijenga hekalu la Yeruzalemu, alisimama mbele ya altare, akainua mikono, akaliombea taifa lake. Lakini hakuishia hapo. Alimwombea pia mgeni asiye Mwisraeli, atokaye nchi ya mbali kwa kuwa amesikia sifa za Mungu: huyo naye akisali huku ameielekea nyumba ile, Mungu amsikilize. Sala hiyo imo katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 8. Hekalu lilikuwa jipya kabisa, na tayari mgeni amekwisha kuwekewa nafasi yake.

Wako Wakristu wasioipenda sana sala hiyo. Wamwonapo Mwislamu amesimama mlangoni pa kanisa siku ya arusi au ya mazishi, humtazama kama mtu aliyepotea njia. Katika Maniema, ambako ndani ya ukoo mmoja kaka huenda Misa na mdogo wake huenda msikitini, jambo hilo si dogo. Basi na watazame kanisa moja la Unguja, ambalo habari zake zinawagusa watu wa Kasongo na Kabambare kuliko wanavyodhani.

Kanisa hilo liko Mkunazini, mjini Unguja. Si la Wakatoliki. Ni kanisa kuu la Waanglikana. Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba wa kulifunga soko, na siku ya Noeli ya mwaka uo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na padri mmoja Mwingereza. Sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara Mhindu, Jairam Senji. Askofu Steere, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, ndiye aliyejenga. Noeli ya mwaka 1877 watu wakasali humo kwa mara ya kwanza. Tena saa ya mnarani, yasemwa, ni zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe. Kiwanja cha Mhindu, saa ya Mwislamu, altare ya Wakristu!

Hata leo jamaa za Kihindu huja kulitazama: baba, mama aliyevaa sari, watoto, pengine na bibi kizee. Wengine huvua viatu mlangoni, maana ndivyo wafanyavyo katika mahekalu yao. Mtoto wa Kikristu akiwacheka, na aulizwe Musa alifanya nini mbele ya kijiti kilichowaka moto. Huonyeshwa mahali pa altare, ambapo, kwa masimulizi ya wenyeji, ulisimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga mijeledi. Kisha huonyeshwa msalaba.

Bibi kizee akiviunganisha viganja vyake mbele ya msalaba ule, Mkristu asimdharau, wala asijidanganye. Huenda bibi anamhesabu Yezu kuwa mmoja tu kati ya wengi anaowaheshimu. Imani ya Eklezia si hiyo: Kristu ni Mwokozi wa pekee wa watu wote, na amfichaye mgeni neno hilo ili kumpendeza tu, hampendi kweli. Lakini kuna wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwataja Wahindu na Waislamu kwa heshima, ukawataka Wakristu wazungumze nao kwa busara na upendo. Bibi anaposali, huo si wakati wa kumkatiza.

Msalaba wenyewe ni wa mti uliotoka Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, ambapo moyo wa Daktari Livingstone ulizikwa chini ya mti mwaka 1873. Na Livingstone alikuwa amepita wapi? Aliugua miezi mingi Kabambare. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akaona watu wa misafara wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia wakafa, wengi kwa kuzama mtoni. Habari alizoandika ziliwashtua Waingereza, wakamsonga Sultani mpaka soko la Unguja likafungwa. Hivyo Mkristu wa Kasongo akiingia Mkunazini, haingii nyumba ya ugenini.

Nje ya kanisa ziko sanamu za watumwa watano shimoni, wamefungwa minyororo shingoni. Ziliwekwa mwaka 1998. Hapo ndipo watoto huuliza: Ni nani waliowafunga?

Mkristu anayejibu na ajihadhari. Akisema, "Waarabu," akanyamaza, amesema nusu. Waarabu na Waswahili waliongoza misafara, ndiyo. Lakini fedha zilikopeshwa na matajiri wa Kihindi. Taria Topan, Mwismaili, alimkopesha Tippu Tip. Watu wa bara waliwauza majirani zao. Wareno, waliobatizwa, walipakia watumwa merikebuni karne nyingi. Na baada ya majeshi ya Leopold kuiteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, utawala ulioingia kwa kujisifu kwamba unafuta utumwa uliwatesa Wakongo kwa kazi za kulazimishwa. Kwa hiyo Mkristu amwitaye jirani yake Mwislamu "mtoto wa Tippu Tip," au amtukanaye mwenzake "mtoto wa mtumwa," na akumbuke dhambi hiyo aendapo kuungama.

Mgeni haangalii mawe tu. Huwaangalia wenye nyumba. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akiwa safarini kwenda Goa, alishuka Malindi. Mwislamu mmoja wa heshima alimwuliza kama Wakristu huenda kanisani kwa wingi, na kama husali kwa moyo. Maana pale Malindi, alisema, ilikuwako misikiti 17, na watu walikwenda katika mitatu tu. Mtu yule hakuuliza juu ya minara wala kengele.

Basi siku ya arusi, mjomba Mwislamu ajapo kumsindikiza binti wa dada yake, mmoja wa nyumba ampokee mlangoni, amwambie mapema kwamba halazimishwi kupiga magoti, na amweleze kwa upole, kabla ya Misa kuanza, kwa nini hatapokea Komunyo. Asingoje kumzuia kwa macho mbele ya watu. Na wazee wa kanisa wamtafutie benchi nzuri karibu na jamaa zake, isiwe ile mbovu ya nyuma.