Ramadhani, siku ya 12: Jino la tangu Rajabu



Jana baada ya Tarawehe ndugu mmoja alinisubiri mlangoni, kiganja shavuni. "Ustadhi, kung'oa jino kunafunguza?" Nikamjibu. Kisha nikamuuliza, linauma tangu lini? Akatabasamu kwa upande mmoja. Tangu Rajabu.

Sasa Rajabu hatukuwa na swaumu ya faradhi. Wala Shaabani.

Simcheki, maana nami nilikuwa hivyo hivyo. Utotoni niling'olewa gego ganzi haijashika vizuri, watu wazima wawili wamenikamata mabega. Tangu siku hiyo harufu tu ya chumba cha meno hunitoa jasho. Miaka michache nyuma, Ramadhani kama hii, jino likawa linaniamsha kabla ya daku kila usiku. Mke wangu akisema nenda, mimi najibu, "Nimefunga, nitaenda baada ya Idi." Na wallahi hukumu nilikuwa naijua, nimeisomesha mwenyewe kwenye darsa! Haikuwa swaumu iliyonizuia. Nilikuwa naogopa, nikaona aibu kusema naogopa, nikaisingizia ibada.

Basi hukumu ni hii. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokaa Jeddah mwaka 1997 lilieleza kwamba kutoboa jino, kung'oa gego, kusafisha meno na kupiga mswaki hakufunguzi, ilimradi ujihadhari usimeze kinachoelekea kooni. Sindano isiyo ya lishe nayo haifunguzi. Damu na maji unatema. Ukiona uzito bado, omba miadi ya usiku baada ya kufuturu, zipo kliniki zinazofungua. Na ukiwa mgonjwa kweli, Mola wako amekupa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Kwa hiyo mlango huo wa kujifichia umefungwa, tutafute mwingine.

Mwingine tunaoupenda ni huu: "Hata silijui ni jino lipi, nikaonyeshe nini?"

Ndugu yangu, kutolijua ni jambo la kawaida kabisa. Ndani ya jino mna kiini chenye mishipa ya fahamu. Kiini hicho kinajua kuuma, ila hakijui kukuambia kiko wapi. Meno ya juu na ya chini ya upande mmoja hupeleka habari kwenye mshipa mmoja mkubwa wa uso, ndiyo maana gego la juu laweza kuuma chini, na la chini likauma sikioni. Mimi nilimwonyesha daktari jino la chini kwa kidole, nikamwambia ng'oa hili hili tumalizane. Hakukubali. Akagonga moja moja kwa mpini wa kioo, akagusisha kitu cha baridi, akapiga picha. Mgonjwa alikuwa gego la juu. Ningepata nilichotaka, ningetoka na pengo na maumivu yangu yale yale.

Wengine magego kadhaa ya juu huuma pamoja, na wakiinama kusujudu yanazidi. Hapo huenda si jino, ni mafua yaliyojaa kwenye uwazi wa mfupa wa shavu. Kazi ya kutafuta ni ya daktari. Wewe mweleze tu: linaamka saa ngapi, baridi inalifanya nini, moto je, ukitafuna je.

Tena jihadhari na jino lililokusumbua wiki mbili likanyamaza ghafla. Tunasema alhamdulillah, dua imejibiwa. Huenda kiini kimekufa tu, na usaha unajikusanya kimyakimya kwenye mzizi. Uso ukivimba, homa ikapanda, kumeza au kufungua kinywa kukawa taabu, usingoje magharibi. Funguza, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Karafuu inatuliza, sawa, lakini haizibi tundu. Na zile diklofenaki na ibuprofeni usizimeze tumbo tupu. Kula kwanza, na mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha aulize kabla.

Na hofu yenyewe je? Usiambiwe eti ni udhaifu wa imani. Nabii Musa (a.s.) alihisi hofu moyoni mbele ya wachawi wa Firauni, naye ni Mtume. Hakukimbia. Mimi nilichofanya ni kumwambia daktari kabla sijakaa: naogopa, na sababu ni hii. Tukapatana nikiinua mkono anaacha. Akasubiri ganzi ishike, akajaribu ufizi kwanza ndipo akaanza. Niliinua mkono mara mbili, na mara zote mbili aliacha. Muda uliobaki nilikuwa navuta pumzi taratibu na istighfari yangu moyoni. Mikono ilitetemeka mpaka mwisho, sitawadanganya.

Allah awaponye wagonjwa wetu wote, na atutakabalie swaumu zetu. Aamin.

Yule ndugu wa jana tumeshakubaliana, kesho saa tatu asubuhi tunakwenda pamoja. Gari lina nafasi mbili zaidi. Mwenye jino la tangu Rajabu, baba au mama, aniandikie pembeni kabla ya daku.