Kilo Mbili za Fundi

Palikuwa na seremala mmoja Tanga, hodari wa makabati na vitanda, aliyetamani kayaki nyepesi, ya kubeba begani peke yake kutoka karakana hadi ufukweni. Akafuata ufundi wa kushona kwa waya, ule uliopata umaarufu Uingereza kwa mashua ndogo ya Mirror mwaka 1963. Plaiwudi ya milimita 4 hukatwa vipande virefu, kingo zikatobolewa na kufungwa kwa waya. Kisha viungo hujazwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao na kufunikwa utepe wa faibaglasi. Hakuna mataruma wala misumari. Umbo lenyewe ndiyo nguvu.

Kazi yake ilikuwa safi, ila kila alipoinyanyua alitaka iwe nyepesi zaidi. Mchoro ulidai kuta mbili za ndani, moja mbele ya miguu na nyingine nyuma ya kiti, ili ncha zote mbili ziwe vyumba vya hewa. Kuta hizo zingeongeza kilo mbili hivi. Akaziacha. Kayaki ikatoka na kilo 18, akaitembeza mtaani kwa bega moja.

Mvuvi mmoja mzee akachungulia ndani. "Mjukuu wangu, hiki kikijaa maji kitaelea kwa kitu gani?"

"Hakijai, babu. Hakina hata tundu."

"Maji ya bahari huingilia juu."

Mzee alijua anachouliza. Ngalawa yake ilichongwa kwa gogo la mwembe. Wimbi likiijaza, mti wenyewe huelea, naye hushikilia hapo hadi aweze kukumba maji. Plaiwudi nayo huelea, lakini kilo 18 za mbao na gundi hujibeba zenyewe tu. Mtu hazimwezi.

Siku moja ya kusi akavuka kuelekea kisiwa cha Toten. Wimbi la ubavuni likamwaga maji pale anapokalia. Alipoegemea kushoto, maji yote yakakimbilia kushoto, kayaki ikapinduka. Kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kuyazuia, yakafika hadi nchani. Lita moja ni kilo moja, na zaidi ya lita 200 ziliingia. Wavuvi wakamwopoa yeye. Walipojaribu kuivuta kayaki, kiungo cha mbele kikapasuka, wakakata kamba.

Kupenda wepesi si kosa. Kosa ni kuupima begani, chombo kikiwa kikavu. Anayetaka kupunguza uzito na akwangue epoksi iliyozidi, aweke kiti cha povu badala ya mbao, lakini vyumba vya hewa asiviguse. Na kabla ya kwenda mbali, akipeleke chombo kwenye maji ya kifuani, akijaze kwa makusudi, kisha akining'inie. Kikimzamisha hapo, atarudi karakana kwa miguu yake.