Mti Ambao Hukuupanda

Masomo: Kumbukumbu la Torati 6:10-12, 20:19-20

Wapendwa, kuna swali linalorudi mara kwa mara kwenye vikundi vyetu vya nyumbani. Mti ukishakomaa msituni na uko karibu kuoza, kuna ubaya gani kuukata? Si Mungu alimpa Adamu mamlaka juu ya dunia? Watu wanataka mbao, vijana wanataka kazi, na mti wenyewe unaanguka tu huko bila mtu kuuona.

Si swali la kipuuzi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti Februari 2018, viwanda vya mbao vilifungwa na kuna wazazi waliokosa karo. Marufuku ilipoondolewa Julai 2023, tangazo lilitolewa Jumapili, ibadani, kule Molo, na hoja ilikuwa hiyo hiyo: miti iliyokomaa inaozea msituni huku wananchi wanateseka. Ukiwa na njaa utabisha hapo?

Lakini neno "msitu" linabeba vitu viwili. Kuna mashamba ya miti ya serikali, saiprasi na paini, iliyopandwa kwa mistari ili ikatwe. Saiprasi ikifika miaka thelathini hivi iko tayari. Ivunwe, na pale pale ipandwe mingine. Sioni dhambi, ni kama mahindi yanayochelewa kukomaa. Serikali yenyewe ilieleza kwamba ruhusa ile ni ya miti hii ya kupandwa. Shida ni kwamba ile hoja ya "inaoza bure" haibaki kwenye saiprasi. Inapandishwa lori na kupelekwa kwenye msitu wa pili, ule wa asili: Mau, Kakamega, Aberdare, Mlima Kenya.

Huo wa pili ndio unaonirudisha kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Waisraeli wanakaribia kuingia nchi yenye nyumba wasizojenga, visima wasivyochimba, mizabibu na mizeituni wasiyoipanda. Mungu hawakatazi kula. Anawaonya wasisahau. Anajua tabia yetu: kitu tulichokitolea jasho tunakilinda, lakini kile tulichokikuta tunakitumia kana kwamba hakina mwenyewe. Mutarakwa wa Mau haukupandwa na babu yako, wala na serikali, wala na mzungu. Ulikuwa pale. Fundi akikata saiprasi anaweza kupanda nyingine na kuivuna kabla hajazeeka. Akikata mutarakwa wa miaka mia kadhaa, hata kitukuu chake hatauona mwingine wa kimo kile. Miche tunaweza kupanda, na tupande sana, lakini msitu mzee hatujui kuupanda.

Na huko kuoza, tukuangalie vizuri. Kwenye msitu wa asili, mti mzee wenye tundu ndiyo nyumba ya hondohondo na ya nyuki. Ukianguka, gogo linashika unyevu na miche inaota juu yake. Udongo wa namna hiyo ndio unaokunywa mvua na kuiachilia polepole hadi kiangazi. Mto Mara, Sondu, Njoro, hata huo mto Molo, yote inaanzia Mau. Kwa hiyo tukisema mti ule hauna kazi, tunamaanisha tu kwamba haujaingia mfukoni mwetu.

Mtu atasema, mbona Sulemani alikata mierezi ya Lebanoni kwa ajili ya hekalu? Kweli, alikata. 1 Wafalme 5 inataja watu 30,000, wakipanda mlimani kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Sisemi alikosea, Biblia haisemi hivyo. Hata vitani, Kumbukumbu la Torati 20 inazuia jeshi kukata miti ya matunda na kuliruhusu kukata mingine, kwa hiyo shoka si dhambi, ila lina mpaka. Lakini hekalu lile liliteketezwa na Wababeli, na wafalme wengine wakaendelea kupanda Lebanoni na mashoka. Isaya 14 inaonyesha miti yenyewe ikishangilia kuanguka kwa mfalme wa Babeli, kwa sababu mkataji haji tena. Leo mierezi ya kale iliyobaki ni vichaka vichache milimani.

Kuna pia wanaosema dunia itateketezwa kwa moto, 2 Petro 3, kwa hiyo ya nini kuhangaikia miti? Ndugu, nyumba yako pia itateketea, na bado unapaka rangi.

Wengine wanaogopa kwamba kuheshimu msitu ni kurudi kwenye matambiko. Hofu hiyo naielewa. Wengi wetu tumetoka huko. Lakini fika Kwale na Kilifi uone misitu ya kaya za Wamijikenda. Mashamba yameizunguka, na bado ina miti ya kale, kwa sababu wazee walikataza shoka. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Imani ya kaya si yetu. Ila inauma kwamba mtu aliyeogopa koma ameutunza msitu kuliko mimi ninayekiri kila Jumapili kwamba Mungu ndiye mwenye dunia.

Kwetu jambo hili litakuja kwa njia ndogo. Makanisa yanajenga. Fundi atasema ana mbao ngumu, nyekundu, za msituni, bei ya chini, zinaletwa usiku. Kamati ya ujenzi imuulize: ni mti gani, umetoka wapi, na kibali cha KFS cha kusafirisha kiko wapi? Saiprasi au gravelia ya shambani kwa mtu inatoa mimbari nzuri kabisa. Kama hana karatasi, pesa ya sadaka isitoke, hata kama harambee imeshafanywa na wageni wa siku ya kuweka wakfu wamealikwa.