Baki la Hesabu ni Mali ya Nani?

Hesabu ya desimali ina sifa ya unyofu. Mtu akiambiwa kwamba fungu lake ni theluthi ya kitu, aghalabu huuliza mara ya pili, akionyeshwa 0.333 hunyamaza, kwa kuwa tarakimu zilizopangwa nyuma ya nukta zafanana na ushahidi uliokwisha kuthibitishwa. Lakini 0.333 si theluthi. Imepungua kwa sehemu moja ya elfu tatu, na upungufu huo una mwenyewe.

Ila hii haitokani na uvivu wa mwandishi. Kumi hugawanyika sawasawa kwa mbili na kwa tano tu. Kwa hiyo nusu, robo na thumni huandikika zikaisha, bali theluthi na sudusi haziishi hata karatasi ikaisha. Al-Kashi wa Samarkand alizieleza sehemu za kumi katika kitabu chake cha mwaka 1427, na mwaka 1585 Simon Stevin alizieneza katika Ulaya kwa kijitabu chembamba alichowaandikia wapima ardhi, wafanya biashara na wengine wenye kazi za vipimo. Stevin aliliona tatizo la theluthi waziwazi. Akatoa ruhusa: mhesabu akaribie kadiri jambo linavyohitaji, kisha baki aliache. Ruhusa hiyo ni ya busara, na pasipo hiyo hakuna daftari lingefungwa. Lakini limo ndani yake neno moja lisilo la hesabu. Ni nani asemaye jambo lahitaji nini?

Mirathi ya Kiislamu yafaa kuwa mfano. Mtu amekufa, ameacha mjane, mabinti wawili na baba yake mzazi. Na mali iliyobaki baada ya mazishi, madeni na wasia ni shilingi 24,000,000. Mjane hupata thumni. Mabinti hupata theluthi mbili, kila mmoja theluthi yake. Baba hupata sudusi pamoja na kilichosalia. Mjuzi wa mirathi huigawa mali mafungu 24: matatu ya mjane, manane ya kila binti, matano ya baba, yakijumlishwa ni 24, wala halipungui hata moja. Sasa na aje karani mwenye desimali za tarakimu tatu. Mjane atamwandikia 0.125, kila binti 0.333, na baba 0.208. Jumla yake ni 0.999. Shilingi 24,000 hazina mtu.

Mtazamaji mwepesi atasema kwamba hasara imewapata wote sawa. Sivyo. Mjane amepata haki yake kamili, kwa sababu thumni huisha katika tarakimu tatu. Kila binti amepoteza shilingi 8,000, na baba naye 8,000. Wala haisaidii kuacha kukata na badala yake kuchukua tarakimu iliyo karibu zaidi, kwa maana 0.333 na 0.208 ndizo zilizo karibu zaidi. Hapa hakuna aliyedhulumu kwa kukusudia. Hata hivyo watatu wamepunjwa, tena na umbo la hesabu lenyewe, na fedha zao zimekaa mkononi mwa yule aliyeshika kalamu.

Yawezekana kujibu kwamba karani angetumia tarakimu saba, na hasara ya kila mmoja ingekuwa chini ya shilingi. Ni kweli, na jibu hilo ladhihirisha jambo lenyewe: idadi ya tarakimu ilikuwa uamuzi, na mwenye kuamua huulizwa. Linalomlazimu si kutafuta ukamilifu usiopatikana. Linalomlazimu ni kuacha kukata mpaka hatua ya mwisho, kuwaambia wenye mali alipokata, na kuchunga ili mikato yake isielemee upande mmoja daima.

Sharti hili la tatu ndilo linalosahauliwa sana, maana mkato mmoja hauonekani. Soko la hisa la Vancouver, katika Kanada, lilianzisha mwaka 1982 kipimo cha bei kilichoanzia 1,000. Kompyuta ilikihesabu upya mara nyingi sana kila siku, na kila mara ilikata kilichozidi tarakimu tatu baada ya nukta, hata kilipostahili kupandishwa. Kila mkato ulikuwa chini ya sehemu moja ya elfu ya pointi. Mwezi wa Novemba 1983 kipimo kilisomeka karibu 524. Kiliposahihishwa kikawa karibu 1,098. Kwa miezi ishirini na miwili watu walisoma habari ya soko linaloanguka, na soko halikuanguka.

Fedha hurudishika. Kuna mikato isiyorudishika. Kompyuta huhesabu kwa mbili, na kwa hesabu ya mbili sehemu moja ya kumi, iliyo nyepesi kuliko zote katika desimali, haina mwisho kama vile theluthi isivyo na mwisho kwetu. Mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora, uliowekwa na jeshi la Marekani katika Dhahran, Saudi Arabia, ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila sehemu ilikuwa imekatwa kidogo. Tarehe 25 Februari 1991 mtambo huo ulikuwa umefanya kazi saa 100 bila ya kuzimwa, na saa yake ilikuwa imekosea kwa theluthi ya sekunde hivi. Katika muda huo kombora huenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali lisipokuwapo. Kombora la Iraki lilianguka juu ya kambi, wakafa askari 28. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran siku ya pili yake.