Hasidi Hana Sababu, Mwenye Madai Anayo

Jirani akikununia na hamjagombana, Kigamboni jibu liko tayari: hasidi hana sababu. Ni methali, na ni jina la kanga pia, linalochapwa kwa herufi kubwa chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Mwenye kanga akiianika uani, jina likaelekea kwa jirani, ujumbe umefika. Hakutukana, hakumtaja mtu, na mwenyekiti wa mtaa hana kesi ya kusuluhisha.

Lakini sababu gani hiyo asiyokuwa nayo? Kila anayeona gere ana kinachomwasha. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 na kuiunganisha Kigamboni na Kurasini, watu hawategemei tena kivuko cha Magogoni peke yake, na viwanja vya Kibada na Mjimwema vimepanda bei. Aliyeuza shamba mapema leo anatazama ghorofa likiinuka pale ilipokuwa minazi yake. Roho inamuuma, na lazima imuume. Asichokuwa nacho ni hoja dhidi ya mwenye ghorofa, ambaye alinunua, akalipa, akajenga. Hiyo ndiyo sababu inayozungumziwa na methali.

Na huyo bado si hasidi. Kutamani na wewe upate ni wivu wa kibinadamu; wanazuoni wa Kiislamu huuita ghibta na hawaulaumu. Hasidi anataka neema ikutoke, hata kama yeye haambulii kitu. Ghorofa likipata ufa, ndiyo kwanza anapata usingizi. Suratul Falaq, ambayo wengi wa Pwani huisoma kabla ya kulala, inamtaja mwisho kabisa, baada ya giza la usiku na wachawi, na kumwombea mja kinga na shari yake.

Faraja ya methali hii ni kubwa. Kuna watu wanakesha wakijiuliza wamemkosea nini fulani, wanapunguza sherehe, wanaficha gari jipya, wanampelekea sahani ya pilau. Hasidi haridhiki kwa pilau. Ukarimu wako unamzidishia donge.

Kinachonikera ni methali hii inavyotumiwa kuwaziba watu midomo. Mtu anasogeza ukuta, unakula njia ya mtaa, bajaji haipiti, jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa. Majirani wakisema, wanaitwa mahasidi. Si kweli. Hao wana sababu, tena inayopimika kwa futi.

Anayetaka kujua yupi ni yupi amwondolee mlalamikaji kile anacholalamikia. Ukuta ukirudishwa nyuma, mwenye madai atanyamaza, na huenda kesho akaketi barazani kwako mkanywa kahawa. Hasidi, hata ukiubomoa wote, atahamia kwenye geti, kisha kwenye gari, kisha kwa mwanao aliyefaulu mtihani.