Kiasi cha Chumo Limtoshalo Mtu Afanyaye Kazi kwa Mkono Wake

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyake vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumeulizwa na kijana mmoja katika watu wa pwani yetu aliyehamia Uingereza, ambaye kazi yake ni kusafisha vioo vya madirisha ya nyumba za watu. Yeye si mtumishi wa mtu. Yeye ndiye tajiri na yeye ndiye mtumishi. Suala lake ni hili: mtu kama yeye, mwenye mke na watoto wawili huko na wazee wake huku, yampasa achume kiasi gani? Asema ya kuwa wenzake wamekhitalifiana. Mmoja amwambia kuihesabu riziki ni upungufu wa kutawakali. Wa pili amwambia asiweke mpaka, bali achume usiku na mchana maadamu ana nguvu. Naye amebaki katikati: mwezi huu ana fedha, na mwezi ujao yuakopa kodi ya nyumba.

Suala hili si la mtu mmoja. Seremala wa Mombasa, mshona kanzu wa Lamu, mvuvi wa Pemba na kinyozi wa Tanga wote wamo ndani yake, kwani hakuna katika hao mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tumeona vyema kuliandika jawabu lake ili linufaishe wengi.

Jua kwanza, mwanangu, ya kwamba kutawakali hakuondoi hesabu. Mtume S.A.W. alitufunza kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu akilacho kwa kazi ya mkono wake, akatutajia Nabii Daudi, naye alikuwa mfalme. Na Bwana wetu Abubakar, radhi za Mungu zimshukie, alikuwa mfanya biashara ya nguo. Alipopewa ukhalifa mwaka wa 11 wa Hijra, aliwaambia watu ya kuwa wao wajua kwamba kazi yake haikuwa ikishindwa kuwatosheleza ahali zake. Na kwa kuwa sasa ameshughulishwa na mambo ya Waislamu, ahali zake watakula katika mali ya Waislamu. Basi tazama: yule aliyewashinda watu wote kwa kutawakali alijua nyumba yake yahitaji nini na kazi yake yaleta nini. Asiyeyajua mambo haya mawili hatawakali. Yuatembea gizani tu, kisha akijikwaa husema ni kadari.

Ama wanazuoni wetu wa madhihabu ya Shafi, wao wamelipima jambo hili kwa kipimo kilicho wazi. Posho ya mke wameiwekea kiasi kwa hali ya mume: mwenye wasaa mudi mbili za chakula kila siku, mwenye dhiki mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu, na mudi ni robo ya pishi ya sheria. Juu ya hayo ni kitoweo, mavazi na mahali pa kukaa. Ama watoto wadogo na wazazi mafakiri, wao hawakuwekewa kiasi. Haki yao ni kifaya, yaani kile kiwatoshacho. Asili ya hukumu hii ni maneno ya Mwenyezi Mungu katika Sura ya Talaka, kwamba mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika alichopewa. Na Mtume S.A.W. alipoletewa mashtaka na Bibi Hindi binti Utba juu ya mumewe, alimruhusu kuchukua katika mali yake kile kimtoshacho yeye na mwanawe kwa wema. Hakumwambia achukue kichache kuliko haja, wala hakumwambia achukue apendacho.

Tena wanazuoni wamesema ya kuwa mwenye uwezo wa kuchuma yampasa achume kwa ajili ya hao, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Basi kuchuma kifaya si jambo la hiari kwa mwenye watu. Yatosha kuwa dhambi kwa mtu, kama tulivyofunzwa na Mtume S.A.W., kuwapoteza wale ambao yeye ndiye mlishaji wao.

Na ukitaka kuijua kifaya kwa undani, itazame milango ya Zaka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake Al-Majmuu ya kwamba fakiri mwenye kazi hupewa cha kununulia vyombo vya kazi yake, viwe vya thamani ndogo au kubwa, kwa kadiri ambayo faida yake itamtosha. Na kadiri hiyo hukhitalifiana kwa kazi, na miji, na zama, na watu. Muuza mboga zamtosha dirhamu 5 au 10, na muuza johari huenda akahitaji dirhamu 10,000. Wanazuoni wetu pia wamempambanua fakiri na maskini kwa mfano huu: ahitajiye kumi akapata mbili au tatu ni fakiri, na ahitajiye kumi akapata saba au nane ni maskini. Zingatia neno hili. Mtu aweza kuwa na kazi, na vyombo, na wateja, akatoka alfajiri akarudi magharibi, na katika sheria akawa bado ni maskini.

Sasa natuihesabu kazi ya huyu mwulizaji. Hesabu hii ni mfano, na kila mtu aweke humo tarakimu zake.

Nyumba yake kwa mwezi: kodi pauni 900; chakula 400; taa, moto na maji 180; mavazi na skuli 120; wazee 100; na akiba ya deni na dharura 100. Jumla ni pauni 1,800, na kwa mwaka ni 21,600. Watu wengi hufika hapa wakasimama. Huchukua 21,600, wakaigawa kwa siku 260 za kazi, yaani siku tano kwa majuma 52, wakapata pauni 83 kwa siku, wakasema: hiki ndicho kiasi changu. Hapa ndipo walipopotea, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, siku si 260. Mwajiriwa wa huko akipumzika hulipwa, kwani sheria yao yampa majuma 5.6 kwa mwaka. Walakini ajitegemeaye akipumzika halipwi na mtu, wala akiugua hapewi mshahara wa ugonjwa. Toa siku 28 za mapumziko, Idi mbili na safari. Toa 20 za mvua kubwa, upepo na barafu, ambazo mtu hapandi ngazi ila mwenye kuitupa nafsi yake. Na toa 12 za maradhi. Zabaki 200. Mvuvi wetu aijua hesabu hii bila ya kufundishwa, kwani ajua ya kuwa kusi ikivuma kwa nguvu ngalawa hukaa pwani, na matumbo ya watoto hayakai.

Ya pili, si kila pauni iingiayo mkononi ni yake. Gari lahitaji petroli na matengenezo, ngazi huchakaa, mpira wa kufutia kioo hukatika, na ile fimbo ndefu ipandishayo maji yaliyochujwa hadi ghorofa ya juu ina gharama yake. Tuseme pauni 350 kwa mwezi, yaani 4,200 kwa mwaka, pamoja na kuweka kidogo kidogo cha kununulia gari jingine hili litakapokufa.

Ya tatu ni kodi ya serikali. Katika mwaka wa kodi wa huko ulioanza tarehe 6 Aprili 2025, faida ya pauni 12,570 za mwanzo haitozwi. Na izidiyo hapo, kwa mtu wa kadiri hii aliyeko England, hutozwa 20 katika mia kuwa kodi ya pato na 6 katika mia kuwa mchango wa bima ya taifa, jumla 26. Wala hakatwi kila mwezi kama mwajiriwa. Hudaiwa baadaye, na siku ya kulipa ni tarehe 31 Januari. Aliyekwisha kuzila fedha hizo amekula kisichokuwa chake.

Basi ili apate pauni 21,600 za nyumbani, yampasa faida yake iwe karibu 24,773, kwani kodi na mchango vitachukua 3,173. Ongeza 4,200 za kazi, mapato yote yawe 28,973. Gawa kwa siku 200, utapata pauni 145 kwa siku. Akitoza pauni 15 kwa nyumba, basi ni nyumba kumi kila siku. Ama yule aliyeridhika na 83, kwa siku 200 amepata 16,600. Akitoa 4,200 za kazi zambakia 12,400. Ahitaji kumi na hapati hata sita. Yeye adhani ya kuwa mkewe ni mharibifu, na mkewe adhani ya kuwa mumewe ni bahili, na kumbe ni hesabu tu.

Ukisema: na nisipozipata hizo 145? Jawabu: tazama kwanza haja zako, uondoe yale yaliyoingia kwa kumwiga jirani. Kisha tazama ujira wako. Mwenye kupunguza bei kwa kuwaonea haya wageni ilhali wanawe wana njaa hakufanya ukarimu, kwani ametoa haki ya watu wengine. Wala si dhuluma kutaka ujira wa haki, maadamu umeutaja kabla ya kupanda ngazi, kwani sharti la ijara kwetu ni ujira uwe maalumu. Na baada ya hayo, kama kazi haikutoshi, tafuta nyingine pamoja nayo, au uajiriwe. Na Zaka ni haki ya maskini, haina aibu.

Na ninyi mlioko huku pwani, neno hili lawahusu. Mwadhani ya kuwa aliyeko Ulaya huokota fedha njiani. Wazee wakiwa mafakiri wana haki juu ya mwana wao. Lakini sheria imeanza na nafsi yake, kisha mkewe, kisha watoto wake wadogo, ndipo wazazi katika kinachobaki. Ama ndugu mwenye nguvu zake, amwandikiaye mwenziwe kila mwezi kutaka fedha ya simu na ya harusi, huyo huenda akawa yuala kitoweo cha watoto wasiomjua. Na ninyi mnaowaita mafundi majumbani mwenu, mkawaambia waje kesho, na kesho kutwa, kumbukeni ya kuwa Mtume S.A.W. aliamrisha mfanya kazi apewe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Siku moja ya kungoja ujira ni siku moja iliyotolewa katika zile 200.

Ama mpaka wa juu, kuchuma zaidi ya kifaya ni halali. Mtume S.A.W. alimwambia Bwana Saad bin Abi Wakkasi ya kuwa kuwaacha warithi matajiri ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Lakini ikiwa ziada hiyo yala sala ya alasiri, na afya, na malezi ya watoto, basi umeuza kilicho ghali kwa kilicho rahisi. Na kikibaki kwako kitu kikafika nisabu, nayo ni mithkali 20 za dhahabu, karibu gramu 85, au dirhamu 200 za fedha, karibu gramu 595, kikatimiza mwaka wa mwezi mwandamo, kitolee fungu moja katika arubaini. Ngazi, gari na vyombo vya kazi yako havina Zaka.

Basi keti leo usiku na mkeo, mwanangu, mwandike pamoja. Kwani yeye ndiye ajuaye kibaba cha mchele chaisha siku gani.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na utie baraka katika kazi za mikono yetu. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.