Kitanda na Mlango: Malazi ya Kabini ya Meli kwa Mizani ya Fiqhi

Kabini ya kawaida ya meli ya kitalii ina meta za mraba 14 hadi 17 hivi, bafu likiwamo. Humo hulala watu wawili, watatu, hata wanne, kwa juma zima au zaidi. Kwa familia ya Kiislamu nafasi hiyo huzua suala ambalo nyumbani halina makali: nani alale na nani, wapi, na ndani ya shuka gani. Nyumbani wavulana wana chumba chao na wasichana chao, na wageni wakizidi hutandikiwa ukumbini. Melini ukumbi haupo. Jambo ambalo nyumbani huamuliwa kila usiku kwa kuhamisha godoro, melini huamuliwa mara moja tu, mara nyingi miezi kabla ya safari, siku ya kulipa.

Mawakala wa safari huzipanga kabini kwa mandhari: za ndani zisizo na dirisha, za dirisha, za roshani, na zile kubwa zenye sebule. Mpango huo haumsaidii sana anayeulizia malazi. Kinachomhusu ni vitanda. Kabini nyingi zina vitanda viwili vyembamba, ambavyo vikisukumwa pamoja huwa kimoja kipana na vikiachanishwa hubaki viwili. Abiria wa tatu na wa nne hulala ama kwenye vitanda vya juu vinavyoteremshwa kutoka ukutani au darini, ama kwenye sofa inayokunjuliwa ikawa kitanda cha watu wawili. Kwa muuzaji hiyo ni tofauti ya samani tu. Kwa fiqhi ni tofauti ya hukumu, kama itakavyoonekana.

Kuwatenga wasafiri kwa jinsia na umri si jambo la Waislamu peke yao, wala si geni baharini. Sheria ya Abiria ya Uingereza ya 1855 iliagiza wanaume wa miaka 14 na zaidi wasiolala na wake zao wawekwe upande wa omo, watenganishwe na wengine kwa kiambaza imara. Titanic ilipong'oa nanga mwaka 1912 desturi hiyo ilikuwa bado hai: katika daraja la tatu, wanaume waseja walilala omo, na wanawake wasio na waume pamoja na familia walilala tezi. Majahazi ya Uarabuni yalikuwa na utaratibu wake. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyepanda jahazi la Kikuwait mwaka 1938 na kufika nalo Zanzibar na Rufiji, alieleza jinsi abiria wanawake walivyokaa katika chumba kilichofungwa chini ya shetri, huku wanaume wakilala sitahani juu ya mizigo. Hata treni ya TAZARA, yenye vyumba vya vitanda vinne katika daraja la kwanza na sita katika la pili, haiwachanganyi wanaume na wanawake ila pale kundi moja linapolipia chumba kizima. Meli ya kitalii ndiyo iliyoachana na mila hii. Inauza chumba, haiulizi nani ni nani kwa nani. Wajibu uliokuwa wa nahodha umemwangukia mnunuzi wa tiketi, na wengi hununua tiketi bila kujua kuwa wameubeba.

Suala lenyewe ni masuala mawili yaliyovishwa kanzu moja. La kwanza ni la kitanda, nalo linawahusu watu ambao ni halali kukaa chumba kimoja. La pili ni la mlango, nalo linawahusu wale ambao si halali kufungiwa pamoja, hata kama vitanda vyao vimeachana kwa meta tatu. Anayeyachanganya hujibana pasipo na haja, au hujilegeza pasipo na ruhusa.

Msingi wa suala la kitanda ni hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Daud, inayoagiza watoto waamrishwe swala wakifika miaka saba, watiwe adabu kwa kuiacha wakifika kumi, na watenganishwe katika malazi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi wa Pwani, na ambayo Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki 1277) imekuwa kitabu chake cha darsa kwa vizazi vingi, kutenganisha huko ni wajibu mtoto atimizapo miaka kumi. Wazazi wengi huielewa amri hii nusu. Hudhani ni ya kaka na dada tu, ilhali inawagusa pia ndugu wawili wa kiume, dada wawili, na mtoto pamoja na mzazi wake. Kuanzia miaka kumi kila mmoja ana malazi yake.

Lakini malazi hapa ni nini? Wanazuoni wa Kishafi wenyewe wamelijadili. Wapo waliosema kutengana kunapatikana kwa njia mbili: kila mtoto awe na tandiko lake, au walale katika tandiko moja wakiwa wameachana, miili isigusane. Wapo walioona kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyokusudiwa na hadithi, tena ndiyo yenye hadhari zaidi. Mjadala huu, ulioandikwa karne nyingi kabla ya meli za kitalii, unaiangukia sofa ya kabini moja kwa moja. Sofa iliyokunjuliwa ni tandiko moja la upana wa wastani, tena hutandikwa shuka moja na blanketi moja. Wavulana wa miaka 11 na 13 wakiwekwa hapo, rai ya kwanza huwavumilia iwapo watapewa blanketi mbili na wakaweza kweli kutogusana usiku kucha, sharti ambalo mzazi yeyote anajua thamani yake saa nane za usiku. Rai ya pili haiwavumilii kabisa. Vitanda vya juu humaliza mzozo kwa rai zote mbili. Basi mwenye uwezo wa kuchagua kati ya kabini yenye sofa na yenye vitanda vya juu, bei zikiwa zinakaribiana, hana sababu ya kujisitiri kwa rai nyepesi.

Rai hizo, kwa upande mwingine, hazisemi watoto wa miaka kumi lazima watengwe vyumba. Amri imekaa juu ya tandiko. Baba, mama, mvulana wa miaka 12 na binti wa miaka 10 wanaweza kukaa kabini moja yenye vitanda vinne bila dhambi yoyote, na anayewalazimisha kulipia kabini mbili kwa jina la dini amewazidishia. Watoto wadogo, ambao kwa kawaida hawapandishwi vitanda vya juu kwa kuchelea kuanguka, ndio hao hao ambao sheria bado haijawatenga na mama yao. Hapo kanuni ya usalama na kanuni ya fiqhi zinakutana bila kupanga.

Suala la mlango ni zito zaidi, na katika familia za Kiswahili hujificha ndani ya udugu. Safari za pamoja hazibebi baba, mama na watoto tu. Hubeba binamu, shemeji, mke wa ami, na yaya. Binamu si maharimu, yaani si jamaa ambao ni haramu kuoana daima, ingawa wamelelewa nyumba moja. Shemeji si maharimu, na hadithi ya Bukhari na Muslim inayomfananisha ndugu wa mume na mauti inajulikana kwa kila aliyepita madrasa. Kwa watu hao umbali wa kitanda na kitanda haujibu kitu, kwa kuwa kinachokatazwa ni khalwa, yaani mwanamume na mwanamke wasio maharimu kubaki peke yao mahali ambapo mtu mwingine hawaingilii. Kabini yenye mlango unaofungwa kwa kadi ni khalwa iliyokamilika. Kosa linalotokea mara nyingi ni la yaya: hununuliwa nafasi katika kabini ya watoto ili apate kuwatazama, na miongoni mwa watoto hao yumo kijana wa miaka 15 ambaye kisheria ni mtu mzima. Mdogo akihamia kwa wazazi kwa usiku mmoja tu, khalwa imetimia.

Mafakihi wa Kishafi walipambanua hali za watu zaidi ya wawili. Hali ya mwanamume mmoja pamoja na wanawake kadhaa waaminifu, wengi wa mafakihi hao hawakuihesabu kuwa khalwa ya haramu. Ile ya wanaume wawili na mwanamke mmoja waliikataza. Upambanuzi huo una manufaa mahali pa kupita, kama lifti au chombo cha kuwashushia abiria bandarini. Kwa kulala hausaidii, kwa sababu nyingine iliyo wazi: stara mbele ya asiye maharimu haipumziki usiku. Mwanamke atakayelala na buibui juma zima amepewa kitanda, hakupewa malazi.

Dawa iliyozoeleka ni kabini mbili zenye mlango wa kati. Zisichanganywe na kabini zilizo jirani tu, ambazo hupakana ukuta na kila moja ina mlango wake wa ushorobani. Mlango wa kati ukiwa wazi, kabini mbili huwa nyumba moja, na mama hufika kwa watoto bila kutoka. Ukifungwa kwa komeo huwa nyumba mbili. Wanawake wakilala upande mmoja na wanaume upande wa pili, shemeji na binamu wanapata stara na bado familia ni moja. Kabini za namna hii ni chache katika kila meli nazo huisha mapema. Anayesafiri peke yake hukutana na suala hili kwa sura ya bei, kwani nauli hupigiwa hesabu ya watu wawili kwa kabini na mmoja huweza kudaiwa karibu nauli ya wawili. Akikubali kukaa na mgeni wa jinsia yake, fiqhi haimzuii, ila hadithi ya Muslim imekataza watu wawili wa jinsia moja kulala ndani ya nguo moja. Vitanda viachanishwe, na ombi hilo litolewe kabla ya kupanda.

Wanandoa nao wana fungu lao. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inawataka hata watoto ambao hawajabaleghe wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Hodi inahitaji kizuizi cha kubishwa, na kabini ya kawaida haina mlango wa ndani. Familia yenye watoto wenye akili ya kupambanua hupungukiwa hapo hata kama vitanda vinatosha. Baadhi ya meli, za Disney zikiwamo, huweka pazia zito kati ya kitanda cha wazazi na sehemu ya watoto, na bafu lililogawanywa mara mbili. Pazia si mlango, lakini hodi hupata pa kusimama.

Je, bei ni udhuru? Kanuni ya fiqhi kwamba mashaka huleta wepesi inajulikana, na hujaji wa zamani aliyesongamana na wenzake sitahani kuelekea Jidda alistahili wepesi huo, maana alikwenda kutimiza faradhi na hakuwa na chombo kingine. Mtalii hana hali hiyo. Safari yake ni mubaha, yaani imeruhusiwa bila kuamrishwa, hakuna aliyemlazimisha, na dhiki ya kabini ameichagua mwenyewe kwenye orodha. Ni vigumu kuona ni vipi starehe izae dharura. Tena mazoea ya kutandika chini hayapo melini. Idadi ya watu katika kila kabini inafungwa na nafasi za mashua za kuokolea maisha, kwa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) uliozaliwa mwaka 1914 baada ya ajali ya Titanic na ambao toleo lake linalotumika sasa ni la 1974. Mtu wa tano hawekwi kwenye mkeka, hata angekuwa mtoto mkimya kuliko wote.

Malazi yana jambo jingine ambalo hupuuzwa: sakafu. Vitanda vya juu vikishushwa, ngazi yake husimama katikati ya chumba. Sofa ikikunjuliwa, nafasi ya mswala humezwa. Anayeamka kwa swala ya Alfajiri hana budi kuwaamsha wenzake, jambo ambalo kwa familia inayoswali si hasara. Kibla nacho kina hesabu yake. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Mombasa na Zanzibar. Meli inayotoka Mombasa kwenda Zanzibar huelekea kusini, kwa hiyo kibla kiko tezi. Ikirudi, kiko omo. Kwa kuwa kabini nyingi zimejengwa kwa kukingama ubavuni mwa meli, mwenye kuswali humo huelekea ukuta wa pembeni, yaani kwa upana mdogo wa chumba, ambako kitanda kiko huku na kabati kule. Dira ya simu huvurugwa na chuma cha meli. Ramani ya safari inayoonyeshwa kwenye runinga ya kabini huaminika zaidi. Madhehebu ya Shafi humtaka abiria wa meli aelekee kibla na asimame katika swala ya faradhi, ageuke meli ikigeuka, na humruhusu kukaa akihofia kizunguzungu. Kabini za sitaha za chini, katikati ya meli, ndizo zinazoyumba kidogo zaidi, na mara nyingi ndizo za bei nafuu.

Hata mlango ukifungwa, mhudumu wa vyumba huingia mara moja au mbili kwa siku, asubuhi kutandika na jioni kuteremsha vitanda vya juu. Hugonga, na asipojibiwa hufungua kwa kadi yake. Zamu ya jioni huangukia wakati abiria wako kwenye chakula, lakini familia iliyorudi kabini kuswali Isha humkuta mlangoni. Akiambiwa siku ya kwanza saa za kuja, na kwamba vitanda vya juu viachwe chini mchana kutwa iwapo watoto wanalala adhuhuri, hufuata, na kibao cha kutosumbuliwa kinachoning'inizwa kwenye kitasa hufanya kazi ya hodi katika saa zilizobaki.